Kioo cha Rangi Hutaka Mwanga Nyuma Yake

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Tafuta chupa ya kijani au ya kahawia. Iweke mezani, mbali na dirisha. Itazame. Utaona kitu cheusi, hakina uzuri wowote. Sasa iinue, uishike kati ya jicho lako na dirisha. Rangi imewaka, sivyo? Chupa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali mwanga unapotoka.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko nje kidogo ya mji wa Kayanga, wilayani Karagwe. Nimetengeneza vitanda, milango na madawati kwa zaidi ya miaka 30. Jambo hili la chupa na mwanga nililiona siku nyingi, lakini sikulitia maanani. Kwa kutolitia maanani nilimuumiza mdogo wangu. Ndiyo sababu leo nakuandikia.

MDOGO WANGU NA PICHA YAKE

Mdogo wangu ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena. Nyumbani tunazungumza naye kwa mikono.

Alipokuwa kijana alikwenda Arusha kutafuta kazi. Huko alijifunza kwa fundi mmoja kazi ya vioo vya rangi. Arusha wapo watu wanaoijua kazi ya kioo. Karakana ya Shanga, kwa mfano, inajulikana kwa mafundi wenye ulemavu, na kati yao wamo viziwi. Wao huyeyusha chupa kuukuu na kutengeneza bilauri, shanga na mapambo. Katika nchi jirani ya Kenya, huko Kitengela karibu na Nairobi, kazi ya vioo vya rangi imefanywa kwa zaidi ya miaka 40. Aliyeianzisha ni mama mmoja msanii aitwaye Nani Croze.

Mwaka 2019 mdogo wangu alirudi nyumbani. Alikuwa na begi la nguo, kisu cha kukatia kioo, na picha moja iliyofungwa ndani ya blanketi. Picha ile ilikuwa na upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30. Ilionyesha Mto Kagera. Pande zote mbili ilikuwa migomba, na katikati ya maji mtumbwi.

Picha yote ilikuwa ya vioo vya chupa. Migomba ilikuwa ya chupa za kijani. Mtumbwi na udongo vilikuwa vya chupa za bia za kahawia. Maji yalikuwa ya bluu. Chupa za bluu ni adimu sana. Alikusanya vipande vyake kimoja kimoja. Kisha aliviunganisha vyote kwa fito nyembamba za risasi, akazilehemu.

Mimi nilifanya nini? Niliichukua picha ile nikaiegemeza ukutani sebuleni, kama mtu anavyotundika kalenda. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa udongo. Picha ikawa nyeusi tii.

Majirani walikuja kumsalimu mgeni. Waliitazama picha. Mmoja alisema, "Miaka minane Arusha, na amerudi na vigae?" Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu kidogo, kwa aibu.

Kiziwi hasikii maneno, lakini husoma nyuso vizuri kuliko sisi tunavyosoma gazeti. Siku ile mdogo wangu alikitia kisu chake ndani ya sanduku. Kesho yake alikwenda kutafuta kibarua cha kupalilia kahawa. Si vibaya kupalilia kahawa. Sote hapa Karagwe tumesomeshwa na kahawa. Lakini yeye alikuwa na ufundi mikononi, nasi tulikuwa tumeufukia.

Tena Karagwe si ngeni kwa mafundi. Kule Bweranyange, yalipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, palikuwa na hazina ya vitu vya chuma na shaba. Kati yake walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma waliofuliwa na mafundi. Babu zetu waliwaheshimu wafua chuma. Kwa nini sisi tumcheke mkata vioo?

NILICHOKUMBUKA

Usiku mmoja nilikumbuka safari yangu ya Dar es Salaam ya mwaka 1988. Nilipita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na bandari. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1897. Nilipokuwa nje, mchana wa jua kali, vioo vya madirisha vilikuwa vya kijivu na vyeusi. Nilidhani vina vumbi. Nilipoingia ndani nikasimama mlangoni. Vioo vile vile vilikuwa vyekundu, bluu na manjano, na rangi zake zilikuwa zikiwaka.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo siri. Rangi iko ndani ya kioo chenyewe, kwa sababu madini huchanganywa humo kinapoyeyushwa. Madini ya kobalti hukifanya kioo kuwa bluu. Chuma na salfa hukipa chupa ya bia rangi yake ya kahawia. Ili uione rangi hiyo, mwanga lazima upite katikati ya kioo, kisha ndipo uje kwenye jicho lako. Ukimulika kioo kwa mbele, mwanga hupita ukapotelea nyuma, na jicho haliambulii kitu.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Katika mji wa Chartres nchini Ufaransa kuna kanisa kuu lenye vioo vya rangi vya miaka ya 1100 na 1200. Kule Unguja, jengo la Zahanati ya Zamani lililoko ufukoni mwa Mji Mkongwe lina vioo vya rangi pia. Katika majengo yote hayo, kioo kimewekwa mahali ambapo jua liko upande mmoja na mtu yuko upande wa pili.

Lakini nyumba yangu ina madirisha ya mbao, hayana kioo. Tena wageni huja jioni, baada ya kutoka shambani. Basi nikasema, nitaijengea picha dirisha lake lenyewe. Nitatengeneza sanduku lenye taa ndani.

MAKOSA YANGU MAWILI

Sanduku la kwanza lilikuwa la haraka. Niligongelea mbao nne, nikatia chemli ndani, nikaweka picha mbele yake. Niliita watu wa nyumbani. Kweli, rangi ziliwaka! Lakini ziliwaka katikati tu, pale penye ulimi wa moto. Pembeni palibaki giza.

Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya ubao unaoungua. Kisha nikasikia "ta!" Mdogo wangu hakusikia. Yeye aliona ufa. Kipande kikubwa cha bluu, katikati ya mto, kilikuwa kimepasuka.

Hakunikasirikia. Aliizima taa, akakishika kioo kwa kitambaa, akakitazama. Halafu akatoka nje. Mimi sikulala usiku ule. Nilikuwa nimemwonyesha kwamba picha yake ni nzuri, na papo hapo nikaiharibu.

Kosa lilikuwa langu. Kioo kikipata joto upande mmoja na upande mwingine ukabaki baridi, hupasuka. Tena risasi na lehemu huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma. Moto wa mafuta haufai kabisa ndani ya sanduku la kioo. Unaweza kuunguza picha, na unaweza kuunguza nyumba.

Sanduku la pili lilikuwa na taa za umeme za LED, zile ndogo zisizo na joto kali, zinazotumia betri ya sola. Taa zilionekana moja moja kupitia kioo, kama macho ya paka. Nikajua mwanga unatakiwa usambazwe. Nilikata dumu jeupe la mafuta ya kupikia, nikalilainisha kwa maji ya moto, nikalinyoosha na kuliweka kati ya taa na picha. Mwanga ulisambaa vizuri. Lakini dumu lilikuwa na maandishi ya kiwandani. Juu ya migomba ya Mto Kagera kukatokea neno "LITA 20"! Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kumwona akicheka, lakini sanduku lilikuwa bado.

SANDUKU LILILOFAA

Sanduku la tatu ndilo tulilonalo mpaka leo. Nitakueleza namna tulivyolitengeneza, ili nawe ukitaka usianze na makosa yangu.

Vifaa nilivyonunua ni hivi: mkanda wa taa nyeupe za LED wa volti 12, mita 5, kwa shilingi 12,000, rangi nyeupe kidogo, shilingi 3,000, swichi, shilingi 1,500, misumari na skrubu, shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 17,500. Mbao zilikuwa mabaki ya karakana. Kitambaa kilikuwa shuka jeupe kuukuu. Betri ya sola ilikuwapo nyumbani.

Kwanza, pima picha yako. Tengeneza sanduku ambalo uwazi wake wa mbele ni mdogo kuliko picha kwa sentimita moja kila upande, ili picha iwe na mahali pa kukaa. Kina cha sanduku kiwe sentimita 12. Usilifanye jembamba sana. Taa zikikaribia mno kitambaa, utaziona moja moja.

Pili, paka rangi nyeupe ndani pote, pembeni na nyuma. Rangi isiwe ya kung'aa kama kioo. Nyeupe hurudisha mwanga, na pembe za sanduku hazitakuwa na giza. Acha rangi ikauke siku nzima.

Tatu, kata mkanda wa taa. Ukate pale tu penye alama ya mkasi. Ukikata penginepo, taa kadhaa hazitawaka. Mimi nilipata vipande 6, kila kimoja sentimita 30. Nilivibandika kwenye ubao wa nyuma, vikiwa vimesimama, kila kimoja mbali na mwenzake sentimita 6. Hapa kuna kanuni ya kukumbuka: umbali kati ya kipande na kipande usizidi umbali kutoka taa hadi kitambaa. Ukifuata kanuni hiyo, mwanga utafika sawasawa pote. Mkanda uliobaki, wa mita 3 na zaidi, unamulika jikoni kwangu.

Nne, unganisha nyaya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Weka fyuzi kwenye waya unaotoka kwenye betri. Kama hujui kazi ya nyaya, mwite fundi. Hapa Karagwe ufundi wa sola umefundishwa tangu miaka ya 1990, hutakosa mtu. Kama unatumia umeme wa nguzo, usijaribu mwenyewe hata kidogo.

Tano, chukua shuka jeupe safi. Likunje mara mbili. Livute vizuri kwenye fremu nyembamba ya fito, kama ngozi ya ngoma, ulipigilie kwa misumari midogo. Fremu hiyo iwekwe sentimita 8 au 9 mbele ya taa. Kitambaa hakina maandishi, wala hakigharimu kitu.

Sita, weka picha mbele ya kitambaa. Usiipigilie misumari. Ishike kwa vibao vidogo vinavyozunguka kwenye skrubu, kama vile tunavyofunga mlango wa banda la kuku. Hivyo utaweza kuitoa na kuisafisha. Chini ya picha weka ubao imara, maana risasi na kioo ni vizito.

Saba, toboa matundu machache chini na juu ya sanduku, ili hewa ya joto ipate kutoka.

SENENE WALITUFUNDISHA

Hilo la saba lilitupatia somo jingine. Ulikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa senene. Wewe uliyezaliwa Kagera unajua senene wanavyopenda taa. Asubuhi moja tuliamka tukakuta senene wameingia kwa matundu na kujaa nyuma ya kitambaa. Jioni tulipowasha, kila mmoja alikuwa na kivuli chake. Mto Kagera ulikuwa na senene wakubwa kuliko mtumbwi! Tuliwatoa, na bila shaka tuliwakaanga. Siku hiyo hiyo niliziba matundu kwa wavu wa dirisha. Hewa inapita, mdudu hapiti.

JIONI TULIYOWASHA

Lakini nirudi nyuma kidogo. Sanduku lilipokwisha, palibaki pengo katikati ya mto, pale nilipopasua kioo cha bluu. Hatukuwa na bluu nyingine. Mdogo wangu alifungua sanduku lake, akatoa kisu. Hakuwa amekigusa kwa muda wa mwaka mzima. Alichukua chupa ya kahawia, akakata kipande, akakitia mahali pale.

Nilimwuliza kwa mikono, "Maji ya kahawia?"

Akanijibu kwa mikono, "Mvua imenyesha."

Ni kweli. Kila aliyeuona Mto Kagera wakati wa masika anajua rangi yake.

Jioni ile tuliwaita majirani, na yule wa vigae alikuwamo. Tulizima taa ya sebule, kwa sababu mwanga wa mbele huua rangi. Kisha nikabonyeza swichi.

Hakuna aliyesema neno. Mwanga ulikuwa umeenea sawasawa, kutoka pembe hadi pembe. Migomba ilikuwa mibichi kama baada ya mvua. Jirani yetu alisogea karibu. Akanyoosha kidole kwenye mtumbwi, akauliza, "Huyu ni nani?"

Mimi sikuwa nimemwona mtu yeyote. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na kipande cha manjano, kidogo kama ukucha. Chemli ilikificha kwa sababu kilikuwa pembeni penye giza. Ukutani kilikuwa cheusi kama vingine vyote. Nilimfikishia mdogo wangu swali lile. Alionyesha kichwa chake, akafanya alama ya kofia.

Marehemu baba yetu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Siku zote alivaa kofia ya manjano.

Mama yetu, ambaye ni mzee sana, aliomba kiti. Alikaa mbele ya sanduku lile mpaka betri ikaanza kuchoka.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza. Naikubali methali hiyo, lakini naiongezea neno. Kizuri kikiwekwa gizani hakijiuzi. Baba alikaa sebuleni kwangu mwaka mzima, na sikumwona, kwa sababu sikujua mahali pa kuweka taa.

KAZI INAENDELEA

Sasa mdogo wangu amerudia kazi yake. Sisemi kwamba tumetajirika. Amepata kazi ya kioo cha juu ya mlango kwa mtu mmoja, na mwingine ameulizia. Siku nyingine bado hupalilia kahawa.

Sanduku letu limepata kazi ya pili. Tunaitoa picha, tunalilaza sanduku mezani kitambaa kikiwa juu, na juu yake tunaweka kioo cheupe kinene. Hapo mdogo wangu hupanga vipande vyake na kuona rangi kamili kabla ya kuvilehemu. Kipande cheupe kikiwaka mno, huongeza kitambaa kimoja nyuma yake. Chupa ya kahawia hula mwanga mwingi, basi huchagua ile nyembamba.

Yapo mambo matatu ya hatari, tafadhali uyakumbuke. Risasi ni sumu. Ukiishika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usiwaache watoto waichezee. Unapolehemu, fungua mlango na madirisha, usivute moshi. Na vigae vya kioo vina makali. Vaa viatu na miwani, kisha fagia sakafu kila unapomaliza.

Ukiwa na chupa kuukuu, mabaki ya mbao na shuka lililochakaa, unaweza kujaribu. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye kazi yake inachekwa, jaribu kwanza kuhamisha taa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kioo cha rangi huonekana cheusi kikiegemezwa ukutani?

2. Kwa nini chemli ilipasua kioo, na taa za LED hazikukipasua?

3. Je, kijijini kwenu yuko fundi ambaye kazi yake haijaonekana? Mnaweza kufanya nini ili ionekane?